Siku Kiganja cha Sefu Kilipopata Joto

Tabata, Dar es Salaam. Jumamosi, katikati ya Juni. Kipupwe kimeshika: upepo mkavu, jua lisilo na ukali, siku ambayo mtu mwenye moyo mtulivu angeisifu. Huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu nitoke Nachingwea, na nimeamka na hasira mbichi kama ya mtu aliyetukanwa jana.

Kwa kweli nimetukanwa jana. Nitafika huko.

Wanaonisoma hapa wamezoea nizungumzie vitabu na goti langu. Leo nitasema habari ya mikono yangu, ambayo sijawahi kuiandika popote. Viganja vyangu vinatoka jasho. Si jasho la mwenye mzigo wala la mwenye hofu. Naweza kuwa nimekaa kivulini, nimeshiba, sina ugomvi na mtu, na bado maji yanajikusanya kwenye mistari ya kiganja mpaka yanatona. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Nilifanya kazi ya kusoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka nilipostaafu, na miaka yote hiyo nilisoma mkono ukiwa umelazwa juu ya kitambaa, nisije nikafuta kazi ya wenzangu. Msahafu wangu umevimba pembeni, pale vidole vinaposhika. Misibani natoa mkono wa pole baada ya kuufuta kwenye kanzu, na bado namwona mwenzangu anavyoutazama wake akishauachia.

Mpwa wangu Sefu anao ugonjwa huohuo, na wake umezidi wangu.

Sefu ni mtoto wa dada yangu Somoe. Somoe anaishi Marambo, wilaya ya Nachingwea, kwenye uwanja tuliozaliwa. Sefu ni fundi simu mjini Ruangwa, ana kibanda karibu na stendi ya mabasi. Fundi simu mwenye viganja vya maji ni msiba unaochekesha. Anafungua simu ya mteja, anabadilisha kioo, inawaka, mteja anashukuru. Baada ya siku chache inarudi imeota kutu ya kijani ndani, na kutu hiyo imetokana na jasho la fundi. Alijaribu glavu, zikajaa maji. Alijaribu poda, ikawa matope. Simu yake mwenyewe haikuwahi kumtambua kwa kidole hata siku moja.

Hata hivyo ni mcheshi. Siku ya kwanza alipofika kwangu tukapeana mikono, aliushikilia wa kwangu akasema, "Mjomba, hapa hatujasalimiana. Hapa tumetawadhishana."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

Kwa wasiotoka kwetu: kusini huko mjomba si mtu wa kuletewa salamu za Idi tu. Ukoo unapita kwa mama. Mtoto wa dada yako ni wako kuliko alivyo wa baba yake, na jambo lake likiharibika wewe ndiye unayeulizwa. Kwa hiyo Sefu aliponiambia amesikia kuna upasuaji wa kukausha mikono, na kwamba anautaka, lilikuwa jambo langu.

Lakini simu hazikuwa sababu yake pekee.

Familia yetu ni Waislamu wa siku nyingi, wakulima wa korosho na ufuta, watu wa swala tano. Pamoja na hayo ukoo wetu una tambiko lake la unga. Nikiwa mtoto sikuona linavyogongana na msikiti, na watu wazima hawakuniambia. Likitokea jambo zito lisilo na maelezo, wanaume wa ukoo hukusanyika asubuhi kwenye mti wa tambiko. Mkubwa wa ukoo hutangulia kumwaga unga wa mtama chini. Kisha kila mwanamume huchota kidogo kwa mkono, huunyoosha, huuachia. Unga ukishuka na kujenga kichuguu, wazee waliolala wamekupokea. Ukigandia mkononi, wamekukataa, na lile jambo zito limepata mwenyewe.

Msomaji ameshaona ninakokwenda. Mimi wakati ule sikuona.

Mtoto wa mjomba wangu alikufa kwa homa, ghafla. Nilikuwa nikimfundisha kusoma. Alikuwa ameshafika kwenye maneno marefu. Baada ya arobaini tukaitwa kwenye unga. Zamu yangu ilipofika nilichota, nikanyoosha mkono, na kabla sijauachia unga ulikuwa umegeuka uji. Nikageuza kiganja chini. Nikakitikisa. Haukuanguka. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, hakupaza sauti hata kidogo.

"Wazee wameukataa mkono huu," alisema.

Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa afadhali. Tangu siku ile hakuna aliyekula nami sahani moja. Nikinyoosha mkono kwenye wali, wenzangu wanashiba papo hapo. Watoto walikatazwa kukaa kwenye mkeka wangu. Mwisho mama ndiye aliyenifungia nguo akaniambia niende, na alipokuwa akisema alitazama mlangoni, hakunitazama mimi.

Nilifika Dar es Salaam nikiamini kwamba nimemuua mtoto yule bila kujua. Niliamini hivyo kwa miaka. Nilikuwa mtu mzima, nasahihisha maandishi ya maprofesa, nawaonyesha mahali hoja zao zilipopinda, na mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza nilimuuaje.

Mwaka jana, wakati wa kusafisha mashamba, moto uliingia kwenye mikorosho ya ukoo kule Lionja. Ilikuwa kiangazi, upepo unavuma, na kila upande watu wanachoma majani. Lakini mkubwa wa ukoo sasa ni Athumani, mtoto wa mama yangu mdogo, rika langu, aliyekuwepo siku ya unga wangu. Akawaita wanaume. Sefu akapanda bodaboda kutoka Ruangwa akaenda, kwa sababu asiyekwenda amekiri. Unga ukawa uji.

Siku ya moto Sefu alikuwa kibandani kwake, stendi nzima ikimwona.

Hilo halikusaidia kitu. Na kwa kuwa yeye anaishi mjini, ambako watu hawana habari na unga wetu, adhabu ilimwangukia mama yake. Somoe haendewi. Akipika, hakuna anayeonja. Wanawake aliokuwa akibangua nao korosho wamehamishia vigoda vyao uwanja wa pili. Alipolala na malaria, aliamka na homa yake kwenda kujichotea maji.

Basi Sefu alitaka mikono mikavu kwa sababu mbili. Ya kwanza alimwambia daktari. Ya pili aliniambia mimi: anataka kusimama tena kwenye unga ule, uanguke mbele ya watu, mama yake aendewe. Nilipandwa na hasira. Nilimwuliza kama kweli atatobolewa kifua kwa ajili ya kuwaridhisha watu wa unga.

"Mkono ni wa kazi yangu, Mjomba," alisema. "Unga ni wa mama."

Hospitali sitaitaja. Daktari wa usingizi ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, anayekueleza jambo kama anayekuelekeza njia ya kwenda kwake. Alisema kandokando ya uti wa mgongo, ndani ya kifua, umepita mnyororo mwembamba wa mishipa ya fahamu. Mnyororo huo ndio unaoamuru viganja vitoe jasho, na huohuo hubana mishipa ya damu ya mkono, ndiyo maana viganja vyetu vina maji na pia vina ubaridi. Kwa watu kama sisi amri hiyo haipumziki. Ukiizuia, mambo mawili hutokea: jasho linakata, na damu inakuja kiganjani kikapata joto. Joto hilo ndilo wanalolifuatilia chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliye usingizini hawezi kukwambia kwamba kazi imefanikiwa. Kiganja kinamsemea.

Kabla ya kupasua chochote walimjaribu kwa sindano ya ganzi, akiwa macho, nami niliruhusiwa kukaa. Walimbandika kihisi joto kwenye kila kiganja, nyaya zikaenda kwenye mashine, kisha wakaingiza ganzi karibu na ule mnyororo, upande wa kulia, wakiongozwa na picha kwenye skrini. Tukasubiri. Namba ya kiganja cha kulia ikaanza kupanda taratibu. Ya kushoto ikabaki ilipokuwa. Daktari hakuiamini mashine peke yake. Alikigusa kiganja kwa mgongo wa vidole vyake, akamtazama kope na mboni, maana ganzi ikipanda juu kupita kiasi hulegeza jicho, akamwuliza habari ya pumzi, akampa karatasi aishike.

Karatasi ikabaki kavu.

Sefu akaomba simu yake. Akaweka kidole gumba. Ikafunguka. Akaizima, akaweka tena, ikafunguka. Alinigeukia akitaka kusema mzaha, akaishia kuizima na kuifungua mara ya tatu.

Jioni ganzi ikaisha na maji yakarudi. Daktari akamweleza upande wa pili wa mizani: jasho likizuiwa mikononi huweza kuhamia mgongoni na tumboni, na likihamia, mara nyingi ni la kudumu. Akamwambia aende akafikiri, asijibu siku ile. Sefu alifikiri, akarudi na jibu kwamba mgongo haushiki simu.

Upasuaji ulikuwa Jumanne. Mimi nilikaa benchi la nje na tasbihi yangu inayoteleza. Yaliyotokea ndani nimeelezwa na daktari yuleyule alipotoka, kwa kuwa nilimwomba asinifiche, na hakunificha.

Wanafanya upande mmoja kwanza. Pafu la upande huo likatolewa hewa ili lisizibe njia, kamera ndogo ikapitishwa kwenye tundu chini ya kwapa, na ule mnyororo ukaonekana kama uzi mweupe uliolala juu ya mbavu. Mpasuaji akaubana kwa vibanio. Upande wa kulia kiganja kikapanda joto kama siku ya majaribio. Wakahamia kushoto. Wakabana. Wakasubiri. Namba ikagoma.

Mpasuaji alikuwa amejionea kwa macho yake kwamba amebana mahali panapostahili. Alitaka kufunga. Daktari wa usingizi akamwambia bado.

Kisha akaanza kukagua vya kwake. Labda kihisi kimeachia ngozi: akakisukuma, kilikuwa kimeshika. Labda mpira wa kupimia presha unabana mkono huohuo: ulikuwa mguuni. Labda mkono umelazwa vibaya, damu haipiti: wakaunyoosha, wakangoja, wapi. Labda dripu ya baridi inaingilia mkono huo, labda blanketi limefunika mmoja likaacha mwingine. Vyote vikawa safi. Hapo ndipo alipomwomba mpasuaji atazame tena, na mpasuaji akatazama, akakuta kijitawi chembamba cha mshipa kikipita pembeni juu ya ubavu, kikikwepa pale palipobanwa. Kikakatwa. Kiganja cha kushoto kikaanza kupanda.

Nilimwuliza kwa nini asingeridhika tu na kusema mwili wa mgonjwa ni mkaidi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Mzee, kiganja kikikataa hatumlaumu mgonjwa. Tunaanza kujikagua sisi."

Nimesoma vitabu vingi maishani, vingine mara mbilimbili kwa kuwa nililipwa kuvisoma. Sijui kama kuna sentensi iliyonishika shingo kama hiyo. Mimi nimeishi ugenini maisha yangu yote ya utu uzima kwa sababu wanaume wengi, watu wazima, wenye ndevu, waliona kiganja kimoja kimekataa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali jingine. Hakuna aliyesema labda unga una umande. Hakuna aliyesema hebu tuone mkono wenyewe. Walikuwa na kipimo kimoja, na siku kilipotoa jibu walilolihitaji, wakafunga.

Nilimpa daktari mkono wa shukrani, nikasahau kuufuta. Hakuuachia. Aliugeuza, akautazama kwa mwanga wa dirishani.

"Kumbe na wewe umo," akasema. Akaniuliza nani mwingine kwetu. Nikasema ni sisi wawili tu. Akasema ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwenye familia. Nitafute, nitamkuta aliyeturithisha. Mama? Nikasema mikono ya mama ilikuwa mikavu kama gome. Je, ndugu wa mama?

Nikafungua mdomo niseme hapana.

Hapo nikamwona mjomba wangu, marehemu, kama nimemwacha jana. Kanzu yake yenye mikono mirefu inayopita vidole. Leso mfukoni, ikitolewa na kurudishwa siku nzima. Hakuwa akimpa mtu mkono. Aliinamisha kichwa tu, na sisi tulidhani huo ni ukubwa. Na kwenye tambiko hakuwahi kuchota unga kwa vidole. Alikuwa na kata yake, kifuu cha nazi chenye mpini mrefu. Alichota kwa kata akamwaga kwa kata, na unga ukashuka mkavu. Tuliambiwa mkubwa wa ukoo hashiki unga. Ni mila.

Jioni nilimpigia Somoe. Nilimwambia kwanza kwamba mwanawe ameamka salama, akamshukuru Mungu mpaka sauti ikakatika. Kisha nikamwuliza habari ya mikono ya mjomba. Akanieleza kwamba mama, katika ugonjwa wake wa mwisho, alimsimulia jinsi alivyokuwa akifua leso za kaka yake tangu wangali vijana, kila siku, na kuzianika ndani ya nyumba ili watu wasizihesabu.

"Mama alijua, Kaka. Alimwogopa."

Alijua mama. Na mjomba alijua. Alisimama pale na kata yake, amefunika mkono unaofanana na wangu kama maji na maji, akautazama unga ukigeuka uji kiganjani mwangu. Katika uwanja mzima hakuna aliyefahamu kilichotokea kuliko yeye. Na akasema wazee wamekataa.

Nimejaribu kumtendea haki. Alikuwa amefiwa na mtoto. Ukoo ulikuwa unamtaka mtu wa kumlaumu, na wangekosa mmoja wangeanza kujiuliza kwa nini mkubwa wao anatumia kata. Alikuwa na woga. Namwelewa kabisa, na kumwelewa hakukunipoza hata kidogo. Hasira yangu ya zamani ilikuwa kwa mjinga. Hii mpya ni kwa mtu aliyejua.

Somoe hakuweza kukaa na habari hiyo peke yake. Akamwambia jirani mmoja ambaye bado anamsalimu, na ikamfikia Athumani. Jana, watu wakitoka swala ya Ijumaa, Athumani akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya sherehe. Alinipa hongera ya mkono wa mtoto. Akaniambia ameshazungumza na wanaume, mbuzi ameshatengwa, na kinachosubiriwa ni sisi wawili. Sefu atachota unga, utaanguka, habari ya moto itakwisha, Somoe ataendewa. Na mimi? Na mimi pia. Kwa kuwa nimezeeka sitalazimika kuchota. Sefu atachota kwa niaba yangu, tusafishwe wote kwa mara moja.

Nilimwuliza tusafishwe na uchafu gani.

Alicheka, akidhani nimerudia utani wetu wa ujana. Basi nikamweleza taratibu, habari ya mshipa, ya urithi, ya leso zilizoanikwa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, simwonei katika hilo.

"Athumani," nikasema, "wewe unachota kwa kitu gani?"

"Kwa kata. Mkubwa hashiki unga."

"Na aliyekuwa mkubwa kabla ya mjomba, yeye alichota kwa kitu gani?"

Analijua jibu kama ninavyolijua mimi. Tulikuwa wadogo, tukikaa miguuni pa mzee yule baada ya tambiko, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga. Alitupaka puani, mimi na Athumani, tukacheka mpaka tukafukuzwa. Mila ya kata ilianza na mjomba.

"Kaka, hayo ya zamani tuyaache," akasema hatimaye. "Wazee hawakukosea. Mkono ulikuwa mbovu, sasa mmeutengeneza. Njooni nyumbani."

Hilo ndilo tusi.

Yaani mtu anatobolewa kifua pande mbili, anatolewa hewa pafu moja baada ya jingine, anakubali jasho la mgongoni kwa maisha yake yote, na waliomtupa wanaona kwamba sasa yeye ndiye amejirekebisha! Kipimo kilikuwa kizima. Ni sisi tuliokuwa na hitilafu. Nilimwambia Athumani sitaki mbuzi. Nataka jambo moja: asimame mbele ya wanaume walewale, aseme unga haukuwa ushahidi, mjomba alilijua hilo, Sefu hakuchoma shamba na mimi sikumuua mtoto. Maneno machache, hayahitaji hata kiti.

Akasema hiyo itakuwa ni kumvua nguo marehemu.

"Marehemu ana sanda yake," nikamwambia. "Mliyemwacha uchi ni mimi."

Akasema nitulie, nifikiri, atanipigia tena. Nikamwambia asijisumbue.

Leo asubuhi nimemsimulia Sefu yote. Alikuwa amekaa kitandani hapa kwangu, plasta chini ya makwapa, anatengeneza redio yangu ya zamani kwa vidole vikavu, na shati lake limeshalowa mgongoni kama daktari alivyosema. Nilitaka akasirike nami. Badala yake alicheka sana aliposikia habari ya kata, akajishika ubavu kwa maumivu, akasema kumbe muda wote mkubwa wetu alikuwa anakula kwa kijiko. Kisha akaniambia, bila kuniomba ruhusa, kwamba atakwenda kuchota.

Nilipaza sauti. Nilisema mengi, mengine ya haki na mengine ya mzee aliyelala vibaya. Alisubiri nimalize.

"Mjomba, wewe hasira yako iko Tabata," alisema. "Mama yuko nao kisimani kila siku."

Nilishamwomba Somoe aje akae nami. Alikataa: ana mikorosho yake, ana kaburi la mama, na hana kosa hata ahame. Kwa hilo la mwisho tunafanana, ila yeye amelisema akiwa amebaki na mimi nimelisema nikiwa nimeondoka. Basi Sefu atakwenda, daktari akimruhusu kusafiri. Atashukia Ruangwa akafungue kibanda, kisha Marambo. Unga utaanguka. Watamkumbatia mama yake, watakula mbuzi, na watasema wazee wamemsamehe. Sefu anasema kabla ya mbuzi kuchinjwa atamwomba Mjomba Athumani, kwa heshima zote na mbele ya watu, aweke kata chini achote kwa mkono, kwa kuwa mkono wake ni mkavu na hana cha kuogopa. Sijui kama atathubutu. Nadhani atathubutu. Hilo ni lake, sikumfundisha.

Nisiseme uongo kwamba sipakumbuki. Mwezi wa Oktoba bado natafuta hewani harufu ya mabibo yaliyoangukia mchangani, na hapa haipo. Nayakumbuka mafungu ya ufuta yaliyosimamishwa shambani yakaukie juani, ukiyagusa yanakunong'oneza mbegu miguuni. Nakumbuka udongo mwekundu wa njia ya Ruangwa unavyobaki kwenye pindo la suruali hata baada ya kufuliwa. Hayo yote hayakunikosea. Lakini sikualikwa kwenda kuyaona. Nimealikwa kwenda kusamehewa, na sina nilichokosa.

Nimewaambia wanangu kaburi langu liwe hapa Dar es Salaam. Nimemwambia Sefu amsalimu mama yake na amwambie simu yangu iko wazi kwake wakati wote. Athumani naye, akipata siku moja ujasiri wa kusema yale maneno machache, ayaseme kwa watu wa Marambo. Mimi nitasikia nikiwa hapa.

Sirudi Nachingwea.